Mama Klachi na Darasa la Wageni

Mji mzima ulimjua kama Mama Klachi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria cha gari dogo jeupe, akifundisha watu udereva: wastaafu, walimu, wake waliochoka kuomba lifti kwa shemeji zao. Gari likielekea mtaroni, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Klachi, mwanangu. Klachi. Usinikodolee macho mimi, barabara iko mbele." Jina likamganda hapo.

Kanisani alikuwa mzee. Wageni waliposikia hivyo walimchungulia kichwani kutafuta mvi, naye akawaeleza bila kigugumizi kwamba kwa Wapresbiteri uzee wa kanisa si umri, ni kazi. Waumini wanakuchagua, unawekewa mikono, unakaa na mchungaji kwenye baraza kulichunga kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa changa, halijatimiza miaka mitatu. Waliabudu katika ukumbi uliowahi kuwa duka la samani, na ukutani bado palisomeka kwa rangi iliyofifia: MAKOCHI YA KISASA. Walikuwa watu sitini na kinanda kimoja ambacho noti zake mbili zilikuwa zimegoma kabisa.

Jumamosi moja asubuhi mchungaji alimpigia simu, sauti imemkauka, anakwaruza kama redio iliyokosa stesheni.

"Mzee, darasa la wageni leo ni lako."

"Langu? Mchungaji, mimi sijasoma theolojia."

"Umefundisha watu wangapi kuendesha gari?"

"Elfu moja na ushee."

"Basi hawa watano hawatakushinda," akasema, akakata simu.

Mama Klachi hakuona sababu ya kubabaika. Saa tisa alasiri alikuwa amepanga viti duara na kuweka Biblia juu ya kila kimoja. Wakaingia mume na mke waoka mikate na kichanga chao cha miezi minne, kisha muuguzi aliyetoka zamu, macho mekundu, kisha mjane mmoja mchangamfu aliyekulia kwenye kanisa la ngoma na vigelegele. Wa tano aliinama kukwepa fremu ya mlango, naye Mama Klachi alikuwa akimkwepa ibadani Jumapili kadhaa sasa. Alikuwa Mkaguzi.

Mkaguzi ndiye aliyekuwa akiwapima watu kabla ya kupewa leseni. Miaka kumi na miwili iliyopita aliwaangusha wanafunzi wanane wa Mama Klachi kwa siku moja, kisha akamwambia mbele yao wote, "Kufundisha ni kazi, mama, si maonyesho." Mama Klachi alirudi garini na kumtungia jina. Kwa kuwa neno alilolipenda Mkaguzi lilikuwa "rudia", akamwita Bwana Rudia, na kila kundi jipya la wanafunzi alilihadithia, akiigiza na mwendo wake wa kuburuta kiatu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwaka haukuisha, mji mzima ukawa unamwita hivyo.

"Karibuni," Mama Klachi alisema. "Sitawahubiria. Nitawaeleza tunachoamini na tunachofanya Jumapili. Mwenye swali anikatize."

Mjane hakungoja kuambiwa mara ya pili. "Mbona ibada yenu imetulia hivi? Mungu wenu hapendi kelele?"

Wote wakacheka, na Mama Klachi akacheka nao. "Anapenda, dada. Ila sisi tunaabudu kama watu wanaozungumza. Yeye ndiye anayeanza: anatuita kwa Neno lake, tunamwitikia kwa wimbo. Tukimwona alivyo mtakatifu, tunaungama. Anatutangazia msamaha, tunashukuru. Anasema nasi katika mahubiri, nasi tunajibu kwa imani, kwa sadaka, kwa maombi. Mwisho anatubariki, tunakwenda. Ukijisikia kupiga kigelegele pale penye shukrani, piga. Nitakusaidia."

Mwoka mikate akamtazama mwanawe. "Na huyu je? Hajui lolote. Kweli anaweza kubatizwa?"

"Siku alipozaliwa, mlingoja ajue lolote ndipo mkamwita mwanenu?"

"Hapana."

"Basi. Ahadi ya Mungu ni yetu na ya watoto wetu, na maji ni alama ya ahadi hiyo. Yeye ndiye anayetutangulia. Mtoto akikua, ataikiri imani kwa kinywa chake mwenyewe mbele yetu."

Muuguzi alitaka kujua bosi ni nani. Mama Klachi akamwambia kichwa cha kanisa ni Kristo. Mchungaji hawezi kuamua peke yake, wazee hawawezi bila mchungaji, na baraza lao lote linajibu mbele ya presbiteri, yaani wachungaji na wazee wa makanisa jirani.

"Mchungaji akikosea?"

"Anaambiwa. Nasi tukikosea tunaambiwa."

Hapo Mkaguzi akakohoa. "Nimekuja Jumapili tatu, na kila mara mnaungama dhambi. Ninyi wazee, mnaungama nini hasa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Akaanza: hakuna aliyeokolewa kwa usafi wake, tunaokolewa kwa neema, kwa hiyo mtu haogopi kusema ukweli... Akasita. Alijisikia akisema maneno ya kweli huku yakimpita pembeni.

"Jina la Rudia," akamwambia, "unajua lilitoka wapi?"

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta taratibu. "Nilisikia lilitoka kwenye gari jeupe."

"Lilitoka kinywani mwangu. Nililitunga kusudi, nikalieneza, tena nikalifurahia. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Wale wanafunzi wanane hakuwataja. Walimjia hadi ncha ya ulimi, akawameza.

"Binti yangu walimwita Mtoto wa Rudia," Mkaguzi akasema. "Alipofeli mtihani wa darasa la sita ilibidi arudie. Akakataa. Alilala chini akalia, ikabidi nimpeleke shule ya mbali."

Kichanga kilipata kwikwi, mama yake akakigongagonga mgongoni.

"Hilo sikulijua," Mama Klachi akasema. "Lakini kutojua hakunitoi lawamani."

"Wanafunzi wako wale, wawili walistahili kupita. Siku ile niliamka vibaya, nikawamalizia hasira zangu." Akavaa miwani yake. "Mimi nimekusamehe. Binti yangu utamwambia mwenyewe."

"Nipe namba yake."

Kabla hawajatawanyika alisali sala fupi, na mjane akaitikia "Amina" ya kutikisa vioo.

Jumatatu, kabla ya somo la kwanza, Mama Klachi aliegesha gari kando ya barabara akampigia binti huyo, ambaye sasa alikuwa fundi wa maabara katika mji mwingine. Alisema yote bila kujipunguzia.

"Nipe muda," binti akasema.

"Chukua wote unaoutaka, mwanangu."

Baada ya wiki sita wale watano walisimama mbele ya kanisa kupokelewa kuwa washirika. Kichanga kilibatizwa kikapiga chafya. Mkaguzi alipoulizwa kama anamtumaini Kristo peke yake kwa wokovu wake, alijibu "Ndiyo" kwa sauti iliyofika barabarani, na Mama Klachi akawa wa kwanza kumpa mkono wa ushirika. Binti alikuwapo, kiti cha mwisho karibu na mlango. Ibada ilipokwisha alimwendea Mama Klachi.

"Nimekuja kumwona baba tu," akasema.

"Na nimefurahi umekuja."

Binti akaupokea mkono wake, akaushika kidogo kabla ya kuuachia.

Wiki iliyofuata baraza la wazee lilikaa na kupitisha bila ubishi kwamba darasa la wageni liwe la Mama Klachi moja kwa moja. Mchungaji akapewa kazi ya kuchemsha chai.