Nilidhani Moto Utafuta

Mkinikuta Thika, tafadhali msinicheke, nimeshachekwa vya kutosha.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mgeni kwenye karakana ya vyombo ya Mama Wairimu, Kiganjo, hapo hapo Thika. Kazi yangu ilikuwa kupaka ukingo wa sahani kwa dawa ya dhahabu, yaani dhahabu iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya mti wa paini. Kabla ya kuchomwa ni ya kahawia tu, kama chai ya rangi.

"Kwa tanuri mafuta yanaungua yote," Mama Wairimu alinifundisha. Hapo nikaacha kusikiliza.

Nilikuwa nampenda Muthoni, aliyefinyanga vikombe meza ya pili, lakini mdomo ulinikauka kila nikimkaribia. Basi nikachukua sahani ambayo Mzee Njoroge wa Kimbo aliagiza ampe mke wake, nikaandika katikati kwa dawa ile ile: "Muthoni, ukinipita bila salamu, chakula hakishuki." Nikamwonyesha, akacheka. Kwa furaha nikaitia tanurini vile vile. Moto si utafuta?

Kesho yake Mzee akaja na mke wake. Mama Wairimu akatoa sahani. Mafuta yalikuwa yameenda, dhahabu imebaki, na mwandiko wangu ulimetameta kuliko ukingo.

Mke wa Mzee, kumbe naye ni Muthoni, akausoma kwa sauti, akashika kifua. "Ngai! Baba Kamau, umejua lini kuniandikia maneno matamu hivi?"

"Si mimi," Mzee akasema.

Akaniona na brashi mkononi.

"Kijana, mke wangu amekupita wapi?"