Bunduki Nyepesi ya Mzee Vuai

Wingwi nzima, kule Pemba, ukitaja Mzee Vuai, hapana aulizaye Vuai yupi. Ni yule msasi. Tangu ujana wake nguruwe walipokuwa wakishuka vichakani kufukua mihogo na majimbi ya watu, mwenye konde alikuwa hata chai hajanywa, yuko mlangoni kwa Vuai anapiga hodi. Vuai huwakusanya wenziwe wenye mikuki na mbwa, akatia bunduki begani, wakenda. Nguruwe mwenyewe hapana amtakaye, nyama yake haramu. Wakishamuua humfukia au humwachia mbwa. Lakini konde iliyookoka ni chakula cha watoto, na Vuai aliheshimiwa kwa hilo kuliko wengi waliosoma.

Bunduki yenyewe alirithi kwa baba yake. Ilikuwa ya marisau, zile punje za risasi zitawanyikazo, mitutu miwili, kitako cha mti mweusi, na uzito wake ulikuwa wa kumchosha mtu mzima akipanda nayo kilima kimoja tu. Vuai aliibeba kama mwengine abebavyo fimbo.

Kisha mkono wa kushoto ukaanza kumtetemeka.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Mkewe, Bi Asya, ndiye aliyeuona kwanza, maana kikombe kiligongana na kisahani mpaka kahawa ikamwagika kwenye mkeka. "Nenda hospitali ukatazamwe," alimwambia. Vuai akajibu ni baridi ya asubuhi. Tangu siku hiyo akawa anakunywa kahawa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto kaufunika kwa ncha ya kikoi.

Mkono wa kushoto ndio uchukuao mtutu. Katika saka moja nguruwe alimpita mbele akamkosa. Saka iliyofuata akakosa tena. Wenziwe wakamtazama, wakangoja aseme neno, naye akasema: "Chuma hiki kimezeeka. Hakipeleki tena."

Uongo ule ulikuwa mwepesi, ukapokewa kwa huruma. Wakulima wakakaa na Sheha, mkuu wa kijiji, wakakubaliana kuchanga wamnunulie msasi wao bunduki mpya. Kila mtu akatoa alichojaliwa. Bi Mwanawema, mjane aliyekuwa akiishi na mjukuu wake Khairiya ng'ambo ya bonde, hakuwa na fedha mkononi. Akamtoa beberu wake, akauzwa sokoni. "Wamenimalizia majimbi yangu wale," alisema. "Na Mzee Vuai hajatutupa hata siku moja."

Vuai aliyasikia maneno hayo, akainamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Kibali cha bunduki kilipotoka kilikuwa na majina mawili, la Vuai na la Hamdan, mume wa binti yake Ummi. Hamdan alikuwa kijana mpole, mwenye shabaha nzuri, lakini mbele ya mkwewe hakuwa na sauti. Wakapanda meli, wakafika Dar es Salaam, wakaelekezwa duka la bunduki lenye milango ya chuma. Muuzaji aliposikia lafudhi yao alicheka kwa furaha.

"Nyie wa kwetu! Mimi Abdulsamad, mzaliwa wa Wawi. Watoka wapi, baba?"

"Wingwi."

Walipokwisha kuulizana habari za nyumbani, Abdulsamad akaweka bunduki tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kama ile ya zamani, mitutu miwili. Ya pili ya marisau pia, lakini ya mtutu mmoja, si nzito sana. Ya tatu ilikuwa ya risasi mojamoja, nyembamba, kitako chake si cha mti.

Vuai akainyanyua ya kwanza, akairudisha upesi. Akainyanyua ya pili, akaiweka begani kulenga saa ya ukutani, na ncha ya mtutu ikaanza kucheza. Alihisi macho ya Hamdan ubavuni mwake. Akaishusha, akaichukua ya tatu. Ilipaa yenyewe. Ilikuwa nyepesi hivi kwamba alitaka kucheka.

"Hiyo ni ya watu wapandao milima mikubwa ya bara," Abdulsamad alisema. "Wanakwenda kutwa nzima juu ya mawe, kila uzito unawahesabikia. Nyie hamna haja nayo."

"Na sisi tuna milima."

Abdulsamad akamtazama kuona kama anafanya mzaha. "Baba, mimi n'tu wa Pemba. Mlima gani huo wa Wingwi nisioujua mimi?"

"Vilima vyetu vimesimama," Vuai alisema, na masikio yakamwaka moto. "Wewe umekaa mjini, umesahau."

Muuzaji hakutaka kushindana na mtu mzima. Alisema kwa adabu, "Labda. Lakini nikwambie haki yako, maana kuuza tu bila ya kusema ni dhuluma. Bunduki nzito hulipokea teke lake yenyewe. Hii teke lote inakupa wewe begani. Tena kwa kuwa nyepesi, haitulii. Ukivuta pumzi tu mtutu umehama. Yataka mkono uliotulia sana. Na risasi yake si marisau ya kufia kichakani. Ikikosa, inavuka bonde. Kwetu kule nyumba ziko kila upande. Chukua hii ya mtutu mmoja, baba."

"Hata mimi naona hiyo yatutosha, Baba," Hamdan alisema taratibu.

"Nani ajuaye nguruwe hapa, mimi au wewe?"

Abdulsamad akajaribu mara ya mwisho: upo uwanja wa shabaha, wangeweza kwenda wakajaribu zote tatu kabla ya kuamua. Vuai aliiona picha yake uwanjani, watu wamesimama nyuma yake, na ule mkono.

"Nimepiga bunduki kabla hujazaliwa," alisema. "Nifungie hii."

Watu wa Wingwi waliipokea bunduki kwa dua. Ilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akistaajabia wepesi wake, na Vuai akaeleza, kama vile ni yeye aliyefikiri, kwamba hivyo ndivyo watumiavyo wasasi wa milimani.

Saka ya kwanza ilikuwa Jumapili, jua limeshapanda. Wasasi waliingia kichakani upande wa juu pamoja na mbwa, wakipiga makelele kuwashusha nguruwe. Vuai akasimama chini kwenye ukingo wa konde, Hamdan nyuma yake mikono mitupu. Mbwa wakalia. Majani yakapasuka, akatoka dume kubwa, linakata konde kuelekea bondeni.

"Bismillahi," Vuai alisema, akalenga.

Mtutu haukuwa na uzito wa kuubana mkono wake. Ulikuwa unatetemeka pamoja nao, kama unyasi. Alimwona nguruwe juu ya ncha, kisha chini yake, kisha hakumwona. Akafyatua akitumainia tu. Teke likamsukuma nyuma hatua nzima. Nguruwe akatokomea.

Ndipo ng'ambo ya bonde ng'ombe akalia. Kilikuwa kilio kirefu, kisha kikakatika.

Walikimbia. Kilima cha ng'ambo kilimshinda Vuai katikati, na Hamdan bila ya kusema akamtua ile bunduki, akaivaa begani, akatangulia. Vuai alipofika, alikuta Hamdan kashaomba kisu na kumchinja ng'ombe wakati pumzi bado imo, ili nyama isiwe mzoga. Alikuwa ng'ombe wa Bi Mwanawema, yule mwekundu wa maziwa. Ndama alikuwa amefungwa pembeni, anavuta kamba kumfuata mamaye. Khairiya alikuwa amekumbatia nguzo ya banda, analia kwa kwikwi.

Watu wakajaa. Sheha akaja, kanzu kaishika mkononi isichafuke.

"Nani kafyatua?"

Wasasi wengine walikuwa kichakani, hawakuona kitu. Hamdan alikuwa na bunduki begani na damu mikononi. Alimtazama mkwewe mara moja, kisha akatazama chini.

"Mimi, Sheha."

Vuai alifungua kinywa. Aliyahisi maneno yapo ulimini, tayari kabisa. Sheha alikuwa ameshageuka kumkaripia Hamdan, na watu wameshaanza kuguna, na kila pumzi iliyopita ilifanya maneno yale yawe mazito zaidi kuyatoa. Akafunga kinywa. Bi Mwanawema alikuwa amesimama karibu na ndama wake. Hakulia wala hakumtukana mtu. Alikuwa anamtazama Vuai.

Bunduki ikawekwa kwa Sheha, na ikasemwa kuwa jina la Hamdan litaondolewa kwenye kibali. Vijana wakampachika jina, wakawa wakimwona njiani wanalia kama ng'ombe. Hamdan alipita kimya. Na watu wazima wakimkuta Vuai msikitini walimshika mkono kwa huruma.

"Pole, Mzee Vuai. Mkweo kakutia aibu."

"Alhamdulillahi," Vuai alijibu.

Lililomvunja zaidi lilitoka kwa Ummi. Alikuja na bakuli la mseto, akakaa kwenye mkeka na macho mekundu.

"Baba, sina uso. Nikenda kuteka maji wanawake wanyamaza. Namuuliza Hamdan ilikuwaje akapiga bila ya kutazama, hanijibu. Hebu mwite wewe umseme. Wewe atakusikia."

Kwa hiyo Hamdan hata mkewe hakumwambia. Vuai alimtazama binti yake, akasema, "Basi, mwanangu, yatapita." Ummi akambusu mkono wa kulia, wa kushoto umo chini ya kikoi, akaondoka. Bi Asya alikuwa mlango wa jikoni, anapeta mchele. Alisimamisha ungo, akamtazama mumewe, na Vuai akajua kwamba yeye kashaelewa. Mseto ule haukuliwa.

Alasiri yake alivuka bonde. Bi Mwanawema alikuwa anajaribu kumnywesha ndama uji kwa ndoo, na ndama anageuza kichwa.

"Hodi, Bi Mwanawema."

"Karibu. Umekawia."

Vuai alisimama pale pale. "Nimekuja kukwambia jambo. Ng'ombe wako..."

"Najua. Nilikuwa juu pale nakata majani ya mifugo. Nilikuona na bunduki, na Hamdan nyuma yako mikono mitupu, hata fimbo hana."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nikuseme mbele ya watu, mimi?" Alimpangusa ndama pua kwa ncha ya kanga. "Nilingoja nione utakuja au huji. Nilianza kukata tamaa na wewe, Vuai. Ng'ombe ni mali, hufa. Lakini yule mwana wa watu wanamlilia kama ng'ombe njiani, na wewe wapita wasikia."

Vuai akautoa mkono chini ya kikoi, akauacha utetemeke mbele yake. Hakuwahi kumwonesha mtu. "Ni huu," alisema. "Bunduki ya baba haikuwa na kasoro. Niliogopa kusema ni mkono."

Bi Mwanawema akautazama. "Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo mwishoni," alisema. "Tulimlisha kwa kijiko. Hapana aliyemcheka." Kisha akarudi kwa ndama wake. "Mimi usiniambie, nishajua. Kawaambie wao."

Ijumaa, watu walipotoka msikitini na kabla hawajatawanyika, Vuai aliomba wasimame. Aliwaambia yote: kwamba risasi ilikuwa yake, kwamba muuzaji alimkanya, kwamba Wingwi haina milima na yeye alilijua hilo, na kwamba walichanga mali zao kwa uongo wake. Alitaraji watamtukana. Hapana aliyemtukana. Mmoja akakohoa. Vijana waliokuwa wakimcheka Hamdan wakatazama viatu vyao. Sheha akasema tu, "Haya, Mzee Vuai, tumesikia," na watu wakaondoka mmoja mmoja bila ya kumshika mkono.

Hamdan alimfuata njiani. "Kwa nini, Baba? Yalikuwa yashapita."

"Hayakupita. Yalikuwa yamekukalia wewe."

Vuai alimpa Bi Mwanawema mtamba wake, mwenye mimba, naye akampokea bila ya kumshukuru, kama apokeavyo mtu haki yake. Bunduki nyepesi ilirudishwa dukani. Hamdan na msasi mwenzake Suhaib wakapanda meli, na Abdulsamad akawabadilishia ile ya mtutu mmoja. Jina la Vuai liliondolewa kwenye kibali kwa ombi lake mwenyewe. Bi Asya akampeleka hospitali Wete, akarudi na vidonge na neno la daktari kwamba mkono hautapona, ila huenda usizidi haraka.

Ummi alikaa muda mrefu bila ya kuja. Hamdan alikuja. Siku moja, mvua za masika zikikaribia, alikaa ukingoni mwa baraza na kuuliza nguruwe huhamia upande gani maji yakijaa bondeni. Vuai alimweleza kwa utaratibu: njia yao, kichaka walalacho, mahali pa kusimama ili marisau yaelekee ardhi tupu. Alieleza vizuri, kama alivyokuwa akieleza siku zote. Lakini muda wote alikuwa anautazama mkeka, na Hamdan alipoaga, "Kwaheri, Baba," Vuai aliitikia bila ya kuinua macho.