Siku Tela Lilipopiga Mkia Mteremkoni

Kabla hujaniuliza, sinywi pombe, na siku ile nilikuwa na akili zangu zote. Au niseme zile chache zilizobaki.

Tela lilikuwa linatuua. Linatuvuta kushoto, linatuvuta kulia, tuko mteremkoni, na mimi ndiye nimeshika usukani.

Halafu likanyooka. Mimi sikufanya kitu. Kaka yangu naye hakufanya kitu, yeye alikuwa kajifunika uso na koti lake.

Likanyooka lenyewe, likafuata lori kama mtoto aliyekemewa. Sababu yake niliijua baadaye. Kaa vizuri nikusimulie.

Mimi ni dereva. Ndiyo, mwanamke, hilo tumeshalimaliza. Naendesha lori la baba yangu, la zamani, lile la pua ndefu. Tunaliita Bi Mkubwa kwa sababu halipendi kuharakishwa, na likikasirika linafuka moshi.

Wenye magari ya kisasa wanalicheka barabarani. Lakini kukiwa na kitu kizito cha kupandisha mlimani, hao hao ndio wanaonipigia simu.

Kazi yangu kubwa ni kuvuta zile nyumba za magurudumu za watu wa mapumziko. Unazijua. Tela lina vitanda, sinki, jiko dogo na mapazia ya maua. Watu wanakwenda kukaa humo kando ya ziwa wiki nzima, wakijifanya hawana nyumba. Mwenye kambi huko ziwani anayo kadhaa, na kigari chake hakiwezi kuyavuta milimani. Basi anamwita Bi Mkubwa.

Wiki ile lilikuwepo moja uani kwetu. Lilikuja kubadilishwa sakafu iliyooza, fundi akamaliza, likabaki la kurudishwa tu. Nikalifunga nyuma ya lori mchana ili kesho yake niamke na kuondoka.

Jioni hiyo hiyo baba akapotea.

Baba yangu alikuwa dereva maisha yake yote. Sasa anasahau. Alianza kusahau funguo, akaja kusahau majina, akaja kusahau kwamba mama alishafariki. Ikawa tunamwambia upya, na kila tukimwambia analia upya. Mwisho tukaacha. Siku hizi akiuliza tunasema yuko sokoni.

Mimi ndiye ninayekaa naye. Siku ile niliingia ndani kumchemshia maji ya kuoga, natoka na ndoo, kiti chake cha uani ni kitupu. Geti liko wazi.

Tulimtafuta. Wacha nisiseme sana, aliyewahi kupotelewa na mtu anajua. Majirani walitoka na tochi, wifi yangu akazunguka hospitali, kaka akaenda polisi. Mimi nilipita kwenye mitaro nikimulika, huku naogopa nitakachokiona. Tuliita jina lake mpaka sauti zikakauka. Kukakucha hatujalala wala hatujampata.

Asubuhi simu ya kaka ikalia. Alikuwa mhudumu wa kituo cha mafuta kule kule ziwani, kaliona tangazo tulilolisambaza usiku kwenye simu. Akasema kuna mzee kakaa pale tangu alfajiri, hajui anakotoka wala anakokwenda, na amevaa koti la kijani.

Baba alitoka na koti la kijani. Na madereva wa malori wote wanamjua, asingekosa wa kumpa lifti.

"Mwambie asimwache aondoke," nikamwambia kaka. "Tunakuja."

Kaka yangu ni mwalimu, mtu wa kupanga mambo. Akataka tulifungue tela kwanza, tuliache. Nikajaribu. Komeo la ndoano inayolishika tela kwenye lori lilikuwa limekaza, nikaligonga kwa nyundo, likagoma. Na mimi muda wote namwona baba akilini ananyanyuka pale kituoni, anavuka barabara bila kutazama. Nikaitupa nyundo.

"Njia ni hiyo hiyo ya ziwani," nikasema. "Panda twende."

Bi Mkubwa hapendi kukimbizwa, lakini siku ile nilimkimbiza. Kaka ananiambia punguza, mimi namwambia nyamaza. Alikuwa anapiga simu kituoni, haipokelewi. Anapiga tena, haipokelewi. Moyoni nilishamzika baba na kumfufua sijui mara ngapi.

Tukaufikia mteremko.

Mteremko ule madereva tunauheshimu. Unashuka na gia ndogo, taratibu, injini yenyewe ndiyo ikuzuie. Baba ndiye aliyenifundisha. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, alikuwa anasema hivyo hadi namchoka. Mimi, kwa haraka zangu, nikauingia na gia kubwa. Na lori la zamani ukishachelewa, hubadilishi tena. Ukijaribu likakataa unabaki bila gia yoyote, na ukibaki hivyo pale, umekwisha.

Kona ya kwanza tukapita. Ya pili, nikahisi kama mtu anatusukuma kwa nyuma. Nikatazama kioo cha pembeni. Tela linapiga mkia.

Kwa asiyejua, ni hivi. Tela likiwa na uzito mwingi nyuma kuliko mbele, na wewe unakimbia, mkia unaanza kucheza. Ukikanyaga breki kwa nguvu ndiyo umeharibu, linakuja ubavuni kwako linakugeuza. Dawa yake ni uzito ukae mbele, karibu na ndoano. Lakini hiyo dawa unainywa kabla ya safari, huwezi kuinywa katikati ya mteremko.

Na mimi nililipakia vizuri. Lilikuwa tupu, ila madumu mawili ya maji ya safari, nayo niliyapanga katikati, juu ya magurudumu. Sikuelewa huo uzito wa nyuma umetoka wapi.

Mkia ukazidi. Sasa lori lenyewe linavutwa, matairi ya nyuma yanalia, breki zinanuka. Kushoto mwamba, kulia korongo ambalo chini yake huoni. Kaka akaanza kuomba Mungu kwa sauti, akichanganya sala zote anazozijua.

"Ligonge kwenye mwamba likatike," akanipigia kelele. "Ni bati tu hilo! Baba anatusubiri."

Na mimi nikakubali. Hapa sitaki kudanganya. Niliona kwamba nikisogea kushoto tela litajibamiza kwenye mwamba, litapasuka au litang'oka, na sisi tutabaki. Mwenye kambi tutajuana naye mbele ya safari. Nilisema kwa mdomo wangu huu, acha lipasuke.

Kaka akajifunika uso. Nikaanza kukata usukani. Kwenye kioo nikaiona kona ya nyuma ya tela inakwaruza jiwe, bati linachanika, taa inaruka.

Ndipo likatulia.

Halikutulia mara moja. Liliyumba tena, lakini kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu likanyooka. Nikarudisha usukani. Nikaigusa breki taratibu, ikashika. Nikakanyaga klachi, nikaiomba gia ndogo kama mtu anayeomba msamaha, nayo ikaingia. Bi Mkubwa akanguruma, akatushusha polepole hadi chini, kwenye uwanja wa kuegesha malori.

Nikasimamisha, nikazima injini. Kaka alifungua mlango wake, akashuka akatapika.

Hapo hapo simu ikalia. Ni yule mhudumu wa kituo cha mafuta. Nilimwona kaka anasikiliza, anasema sawa, sawa, asante, halafu anaishusha simu na kuitazama.

"Sio yeye," akaniambia. "Wanawe wamekuja kumchukua. Sio baba."

Akakaa chini kwenye lami, mwalimu mzima na suruali yake ya pasi, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama.

Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira na Mungu, na simu, na hilo koti la kijani la baba wa watu wengine. Tumekuja mbali, nusura tufe, na baba yuko huko tulikotoka, pengine kwenye mtaro nilioupita bila kuumulika vizuri. Nilijua tumeshampoteza. Nilianza hata kufikiria nani tumpigie simu kwanza.

Nikaenda nyuma kuikagua ndoano, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Nikasikia kikohozi.

Kikohozi kile nakijua. Kinaanza na mluzi na kinaishia na "ah" ya mtu aliyekereka. Nimelala chumba kinachopakana na chake miaka mingi. Kilitoka ndani ya tela.

Funguo ziliniponyoka nikaziokota, zikaanguka tena. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na aliyeufunga ni mimi. Jana yake, tukiwa tunatoka kwenda kumtafuta, nilipita nikakuta umerudishiwa tu. Nikadhani fundi kausahau. Nikaufunga kwa ufunguo bila hata kuchungulia, vitu vya mwenye kambi visije vikaibiwa wakati natafuta baba.

Alikuwa kakaa sakafuni, mbele kabisa, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wa upande wa lori. Kakumbatia madumu mawili ya maji, yamejaa, miguu kaikaza kwenye kabati. Hata magodoro kayaburuta hadi hapo mbele. Paji la uso linavuja damu, na kifundo cha mkono kimevimba vibaya.

Kitanda alichokuwa amelala usiku kucha ni kile cha nyuma, koti lake la kijani lilikuwa bado juu yake. Ule uzito uliokuwa unapiga mkia alikuwa ni baba.

"Baba," nikasema.

Akanitazama vizuri, kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni. Hakunijua.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeshuka na gia kubwa. Nimeisikia injini. Mkia ulipoanza kucheza nikaona hutaweza peke yako, nikahamisha uzito."

Kaka alikuwa kafika mlangoni. Sote wawili tulikuwa tunatazama kule nyuma, pale bati lilipochanika. Mwanga wa jua ulikuwa unaingia, na chuma kilichopinda kilikuwa kimechoma mto wa kitanda. Kaka akageuka, akaenda kuegemea lori.

Nikamuuliza baba aliingiaje humu. Akasema alikuta gari limeshafungwa, liko tayari kwa safari, akapanda kusubiri waondoke. Alishangaa hata naulizia nini. Nikamuuliza, na jana usiku, watu walipokuwa wanazunguka na tochi wakiita, hukusikia?

"Nilisikia," akasema. "Kuna mzee kapotea pale mtaani. Watu walikuwa wanalia. Niliwaonea huruma sana. Nikataka kutoka nikawasaidie kutafuta, mlango ukagoma. Nimegonga, hakuna aliyenisikia, kelele zilikuwa nyingi."

Akanishika kwa ule mkono wake mzima.

"Hivi walimpata?"

Nikamfuta damu ya paji la uso.

"Walimpata, mzee."

"Afadhali," akasema, na uso wake wote ukalegea. "Kulikuwa na binti mmoja, huyo aliita kuliko wote. Njia nzima nilikuwa namfikiria yeye."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nimeinama kwenye magoti yake, na yeye akawa ananipigapiga begani, ananiambia pole dereva, mteremko ule umetisha wengi.

Mkono wake ulipona, umepinda kidogo. Siku hizi nikiwa na safari anakaa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, ananikosoa gia njia nzima. Ananiita dereva, nami naitika.

Kwa hiyo ukipotelewa na mzee anayesahau, usianzie mitaroni kama mimi. Jiulize yeye mwenyewe anadhani yuko wapi, anadhani bado ni nani, uanzie hapo. Na kama kuna kitu unakivuta nyuma yako, chochote kile, usiseme ni bati tu kabla hujafungua mlango ukachungulia.