Uso Chini ya Kofia

Mwalimu wake wa kuchora alikuwa na rula ya chuma ambayo hakuitumia kupimia chochote. Mwanafunzi aliyechora shati kabla ya kifua, au kofia kabla ya fuvu, alipigwa nayo kwenye vifundo vya vidole mpaka mkaa umdondoke. Nguo isiyo na mtu ndani ni tambara, alisema mwalimu, na hapa hatufundishi kuchora matambara. Masizi alipigwa kwa kosa hilo karibu mwaka mzima. Baada ya hapo mkono wake ulishika adabu kuliko kichwa: hata akiambiwa achore gunia la viazi, alianza na viazi.

Jina la Masizi alipewa na dada yake, aliyechoka kumwona akija mezani na vidole vyeusi. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea, na ndiye mwenye bucha kwenye barabara inayotoka sokoni kwenda stendi: mwanamke mpana, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kupiga. Aliwahi kumzaba mteja kwa ulimi wa ng'ombe kwa sababu alisema nyama inanuka. Kwenye bucha hilo Masizi alijifunza yale ambayo mwalimu hakumfundisha. Alikaa juu ya kreti karibu na ndoano, akachora mapaja yaliyoning'inia, mbavu zilizopasuliwa, na jinsi mkono wa dada yake ulivyojikusanya begani kabla shoka halijashuka kwenye kiungo. Wateja wapya walimdhania afisa wa afya, na dada hakuwasahihisha.

Gazeti lilipotafuta mtu wa kuchora kesi, kwa kuwa kamera haziruhusiwi mahakamani, Masizi aliingia akiwa ameshaiva. Alipewa benchi la pembeni, chini ya dirisha. Kwa miaka mingi alichora waliochinja, waliochoma nyumba zenye watu, waliowazika wenzao wakiwa bado wanahema. Aliukandamiza mkaa mpaka karatasi ichanike, na wasomaji walikuwa wakisema picha zake zinauma.

Kisha gazeti likamletea tableti.

Juma la kwanza alitaka kuirusha dirishani. Kalamu iliteleza juu ya kioo, na watu aliowachora wakipigana walionekana kama wanapigana ndani ya maji. Ngumi ilifika shavuni lakini shavu halikupata habari. Akabandika karatasi nyembamba juu ya kioo ili kalamu ikwaruze. Akaipiga picha michirizi ya mkaa wake wa zamani na kuigeuza kuwa brashi za tableti. Hiyo ilisaidia kidogo. Kilichosaidia kweli ni damu. Asubuhi moja aliona tone lililorushwa na shoka kwenye kigae cheupe cha ukuta wa bucha, nene upande mmoja na lenye mkia upande wa pili, akalipiga picha kabla dada hajalipangusa. Likawa brashi, na kila mstari uliochorwa nayo ulikuwa na kasi na uzito wa kitu kilichotupwa kwa nguvu. Dada aliposikia alitaka kujua kama ng'ombe wake naye ataandikwa jina chini ya picha.

Lakini alichokipenda Masizi kuliko vyote ni matabaka. Kwenye karatasi, uso ukishafunikwa na kofia umekufa, mkaa umeumeza. Kwenye tableti uso unakaa tabaka lake na kofia inakaa tabaka la juu yake. Unaizima kofia kwa kuigusa tu, na uso uko palepale, mzima, unakutazama. Aliweza kukaa akizima na kuwasha kofia ya askari kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Ndipo ikaja kesi ya fundi redio.

Fundi huyo aliuawa mchana, mlangoni kwake, kwa nondo, na watu wanne, kwa sababu alikataa kuwaficha walipokuwa wanakimbizwa. Barabara nzima iliona, na barabara nzima ilisema haikuona. Aliyekubali kusema alikuwa binti mmoja mpita njia, ambaye washtakiwa hawakumjua wala kumkumbuka. Jaji aliamuru jina lake lisitajwe na sura yake isionekane. Aliletwa akiwa amevaa koti jeusi lenye kofia iliyoshuka mpaka puani, akakalishwa nyuma ya pazia, akaanza kueleza kwa sauti ndogo iliyonyooka. Pigo la kwanza lilimvunja fundi goti. La pili lilivunja mkono aliojikingia. Baada ya hapo walipokezana, alisema, kama watu wanaotwanga, na mmoja wao alipumzika kidogo akafunga kamba ya kiatu, kisha akarudi kwenye zamu yake. Mama wa fundi alitolewa nje akijipiga kifua kwa ngumi.

Katikati ya maelezo binti alisukuma kofia nyuma ili anywe maji. Pazia lilimkinga na washtakiwa na watazamaji. Halikumkinga na benchi la pembeni, na jaji aliona kwamba Masizi ameona. Wakati wa mapumziko alimwita mbele, akamwambia polepole kwamba sura ile ikitokea gazetini, kesi inayofuata ya mauaji itakuwa ya binti yule. Jumatatu atarudi kuwatambua washtakiwa mmoja mmoja. Bila yeye hakuna kesi. Masizi aliapa kwamba haitatoka, na alimaanisha.

Akaenda chumba cha habari, akafungua tableti, na mkono ukaanza na fuvu.

Hakufikiria hata kidogo. Alichora paji la uso, mashavu yaliyoingia ndani, kovu dogo juu ya mdomo, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu siku ile. Kisha akafungua tabaka jipya na kuifunika sura yote kwa kofia nyeusi. Ilikuwa kofia nzito, kofia yenye mtu ndani, na alijua kwamba hajawahi kuchora bora zaidi. Kwa kawaida alituma picha iliyokwisha kubanwa kuwa moja. Siku hiyo msanifu wa kurasa, mtu mwenye haraka ambaye hata chakula alikila akiwa amesimama, aliomba faili zima na matabaka yake, ili apitishe kichwa cha habari nyuma ya kofia. Masizi akatuma, akatoka kwenda kumsalimia dada yake. Msanifu aliizima kofia ili apime maneno, akaitwa pembeni, akarudi, akahifadhi kazi kama alivyoikuta, na picha ikapanda kwenye tovuti ya gazeti.

Masizi aliiona barabarani, hatua chache kabla ya bucha. Wanaume watatu, wenzao washtakiwa waliokuwa bado huru, walikuwa wamemzunguka muuza matunda, mmoja amemshika nyuma ya shingo kwa namna ambayo ungeweza kudhani ni urafiki, mwingine amemwekea simu usoni na kumuuliza kama anamjua huyo. Muuza matunda akatikisa kichwa. Wakamzaba kofi bila hasira yoyote, kama mtu anavyogonga taa iwake, wakamwonyesha tena. Kwenye simu Masizi aliona kovu dogo juu ya mdomo.

Aliingia bucha mbio, akatoa simu. Alimpigia msanifu, msanifu alikuwa ameshaiondoa picha na alikuwa analia. Akampigia askari aliyesimamia mashahidi. Askari akamtukana tusi refu, kisha akasema binti yuko kazini upande wa pili wa mji, simu yake imezimwa, gari limetoka kumfuata, na wanachohitaji sasa ni muda. Muda gani, Masizi aliuliza. Askari akasema muda, akakata simu.

Dada alisikiliza yote huku anakata mbavu. Alipomaliza alifuta mikono kwenye aproni, akauliza kama wale watu wanamjua binti au wana sura tu. Wana sura tu. Na sura hiyo wameipata gazetini, siyo? Sasa gazeti hilohilo likitoa sura nyingine na kusema ya kwanza ilikosewa, wao wataitafuta ipi? Masizi alielewa anakoelekea kabla hajafika, akasema hapana.

Dada alizunguka meza, akamkamata ukosi wa shati na kumlaza juu ya meza ya kukatia, shavu kwenye mafuta ya ng'ombe.

"Yule watamkuta peke yake," alimwambia sikioni. "Mimi watanikuta hapa, mchana kweupe, nina shoka. Nichore."

"Watakuua, dada."

"Basi nichore vizuri, wasije wakamuua jirani."

Masizi alimchora dada akiwa amesimama mbele ya nyama zinazoning'inia. Fuvu pana, taya la mtu asiyeombwa mara mbili, nyusi ambazo hazikuwahi kukubaliana. Hakuwahi kuchora haraka hivyo, wala kwa ukweli namna hiyo. Aliupachika uso ule chini ya kofia ileile, akaizima kofia, akatuma. Msanifu, ambaye saa ile angechapisha hata picha ya mama yake mzazi, aliipandisha na kuandika chini kwamba picha iliyotangulia haikuwa sahihi. Dada akamwambia Masizi ampigie askari yule tena na kumweleza watu wake waje wapi. Akawaondoa wateja. Akausukuma mlango wa chuma mpaka juu kabisa ili aonekane vizuri, akarudi kwenye mbavu zake.

Askari hawakuwahi. Wale watatu waliwahi.

Wa kwanza aliingia akitabasamu, mkono mmoja umefichwa ndani ya koti. "Shikamoo, mama," alisema. Dada aliitikia marahaba, na nondo ikashuka. Masizi alisikia mfupa wa bega ukivunjika, sauti aliyoizoea kwa kuisikia kila siku, lakini kutoka kwenye mizoga. Dada hakuanguka. Alipiga kwa mkono uliobaki, na vidole vitatu vya yule mwenye salamu vikabaki mezani kati ya mbavu, nondo ikilia sakafuni. Wa pili akampiga dada usoni. Akampiga tena palepale. Wa tatu alimfuata Masizi, ambaye aliinua tableti mbele ya uso wake. Nondo ilipita kwenye kioo kana kwamba hakuna kitu, ikamponda pua. Mkononi alikuwa amebakiwa na kalamu tu. Akamrukia yule mtu, akamchoma nayo shingoni na kumchoma tena, mpaka ikakatika. Damu ya watu ilichanganyika na ya ng'ombe kwenye vigae, na kila aliyejaribu kusimama aliteleza. Walipigana wakiwa wamepiga magoti, wanahema, mpaka askari walipofika na kuanza, nao, kumpiga kila waliyemkuta mle ndani.

Mmoja wa askari ndiye aliyekuwa na simu. Iliita akiwa amemkalia Masizi mgongoni. Binti amepatikana, alisema, mzima, yuko garini.

Jumatatu binti alisimama nyuma ya pazia na kuwatambua wote wanne: aliyeanza, aliyefuata, aliyefunga kiatu na aliyemaliza. Wakili wa utetezi alimhoji mpaka sauti ikamkauka, na hakubadilisha neno. Akatolewa kwa mlango wa nyuma, akapelekwa mahali ambapo hata jaji hakuambiwa. Masizi hakuwepo. Jaji alikuwa amempiga marufuku kukanyaga chumba kile maisha yake yote, na kusema kweli alimhurumia kwa kutomfunga. Habari alizipata kwa msanifu, akazipeleka hospitali.

Dada alikuwa amelazwa chali, bega limeshikiliwa na chuma, uso mzima umevimba kasoro kidevu. Jicho la kushoto madaktari walikuwa wameliondoa. Alimwacha mdogo wake asimulie mpaka mwisho, hata ya mlango wa nyuma. Alicheka kidogo aliposikia ya wakili, akashika ubavu.

"Nichoree," alisema.

"Nikuchoree nini?"

"Huyo binti. Nimemtolea jicho, sijui hata kama ni mnene au mwembamba. Mchore hapa nimtazame, halafu nitaila hiyo karatasi mbele yako."

Masizi alikuwa na kipande cha mkaa mfukoni, na dada alijua kwamba anacho. Sura alikuwa nayo yote. Angeichora amefumba macho, kwenye shuka, ukutani, kwenye kiganja cha dada yake. Kitanda cha jirani alilala mwanamke aliyevunjika mguu, amegeukia upande wao, na wageni wake watatu walikuwa wanamenya machungwa. Mlango wa wodi ulikuwa wazi na watu walipita.

"Hapana, dada."

Dada alimtazama kwa jicho moja. Akauliza kama binti ni mzuri, angalau hilo. Masizi akasema hilo pia hatasema. Dada akamuuliza ni nani aliyemlea, aliyemlisha, aliyemvumilia na hivyo vidole vyake. Akajibu kwamba ni yeye.

Dada alikuwa na kikombe cha bati kando ya mto, kimejaa maji. Alikirusha kwa mkono mzima, na hata akiwa na jicho moja hakukosea: kilimpata Masizi puani, pale palipovunjika, na damu ikaanza tena kushuka mpaka kwenye shati. Mgonjwa wa jirani akaanza kumwita muuguzi.

Masizi aliinama akakiokota kikombe. Alikwenda bombani, akakijaza tena, akakiweka palepale kando ya mto, mahali ambapo mkono wa dada ungekifikia, akakaa.