Nilivyomtembeza baba mkwe kule Hill, mahali hakuna mgeni wa kwetu alikuwa amefika

Wakuu, niaje.

Mimi ni mzee wenu humu, nina miaka themanini na ushee, na naandika na kidole kimoja. Mkiona makosa ya spelling mniwie radhi. Lakini kisa chenyewe nilikiona na macho yangu, na niko tayari kukirudia mbele ya pastor.

Juzi member mmoja aliuliza ni wapi Nairobi anaweza kupeleka visitors, mbali na watalii. Nilicheka peke yangu mpaka chai ikaniingia puani.

Turudi miaka ya hamsini, mwishoni mwishoni.

Nilikuwa kijana wa kutoka pande za Kakamega, napiga pasi kwa dobi huko Ngara. Pasi ya makaa, wakuu, si hizi zenu za stima. Nilikuwa nimechumbia msichana wa kwetu, Roda. Baba yake, Mzee Ambani, akatuma habari kwamba hatoi binti kwa mtu ambaye hajaona anaishi namna gani. Anakuja mwenyewe, na treni.

Nikajipanga. Nikamwandalia ile tour ya kila mtu: stesheni, barabara kubwa ya maduka, halafu tusimame tuangalie magari yakipita. Siku hizo hiyo ilikuwa safari kamili.

Mzee akafika, akanywa chai, akasikiliza program yangu yote, akakataa.

"Hayo Injendi ameshatuambia."

Injendi alikuwa jirani yake. Alikuja Nairobi mara moja tu, kuona kaka yake mgonjwa, na tangu hapo hakuna harusi wala mazishi ambayo hakusimama kueleza urefu wa majengo.

"Nipeleke mahali Injendi hajafika," Mzee akasema. "Nikirudi na maneno yale yale, afadhali ningebaki na ng'ombe zangu."

Sasa hebu fikirieni. Wakati huo ni Emergency, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau, na Mwafrika ukionekana mahali si pako unaulizwa kipande na unafanya nini hapo. Nitampeleka wapi huyu?

Nikakumbuka binamu yangu Zablon. Alikuwa mpishi wa memsahib mmoja, mama wa Kizungu, huko Hill.

Nyinyi mnajua Upper Hill ya mabenki na jam. Ile yetu ilikuwa nyumba za Wazungu, bustani, mbwa, na kimya. Nyuma ya hiyo nyumba kulikuwa na mahali ukisimama unaona mji wote chini yako, kama umepangwa kwa sinia. Na Zablon alisema memsahib ameenda lunch kwa rafiki yake, hatarudi mapema.

Tukapanda kwa miguu, Mzee na koti lake la kanisa na kofia.

Alisimama pale nyuma akaangalia mji muda mrefu. Nikajiambia, hapa nimepata mke.

Nikamwacha kidogo, nikaingia jikoni na Zablon kumletea chai.

Memsahib akarudi mapema.

Kitu Zablon alisahau kuniambia ni kwamba mama huyo alikuwa anangoja mtu mpya wa kufanya kazi ya bustani, siku hiyo hiyo. Akazunguka nyumba, akakuta mzee mgeni amesimama karibu na maua yake. Sisi tuko dirishani, vikombe mkononi, tumeganda.

"Wewe boi ya shamba?" akauliza.

Kiswahili cha Mzee kilikuwa kidogo. Alisikia neno moja, shamba, akafurahi. Shamba analo, tena kubwa.

"Ndiyo!"

"Wewe nachelewa sana! Toa takataka yote hapa. Acha kitu mzuri tu. Nasikia?"

"Ndiyo!"

Memsahib akaingia ndani kupumzika. Mimi nikatoka mbio.

"Baba, twende, tafadhali."

Lakini koti lilikuwa tayari limetundikwa kwa mti, na jembe liko mkononi.

"Huyu mama ameniomba nimsaidie shamba," akasema. "Nimwache?"

"Baba, hii si shamba kama..."

"Kijana, unataka kunifundisha kulima?"

Mkuu, wewe ungesema nini? Huyu ndiye mwenye Roda! Nikarudi jikoni kumsaidia Zablon kuomba Mungu.

Baadaye memsahib akatoka na kikombe chake cha chai.

Mawaridi yote yalikuwa yameng'olewa, yamelundikwa kando. Kwa ule udongo safi yalibaki managu peke yake. Hiyo mboga ilikuwa imejiotea kati ya maua, na Mzee alikuwa ameipalilia, akaiinulia udongo, ikasimama kwa mistari kama wanafunzi wa assembly. Ameacha kitu mzuri tu.

Wakuu, ule ukelele. Mbwa wa jirani waliitikia, nami nikakimbia nje.

"Nani naambia wewe toa maua yangu?"

Mzee akaniangalia nimtafsirie. Nikamweleza.

"Mwambie yana miiba, na hayaliwi," akajibu, ametulia kabisa. "Lakini hii mboga, akiipika na maziwa, atanikumbuka."

Nilitafsiri neno kwa neno. Akili ya kutafuta maneno mengine sikuwa nayo.

Memsahib akaniangalia, akaangalia Mzee, akaangalia managu.

"Toka! Wewe hapana kazi tena! Toka!"

Maneno hayo, kazi na toka, Mzee aliyajua. Akapangusa koti, akalivaa, akainua kofia akaaga vizuri, kama mtu ametembelea shemeji yake. Tukashuka. Natembea nyuma yake nikijua Roda ameenda, na Zablon amepoteza kazi.

Tulipokaribia reli, Mzee akasimama ameshika mbavu. Nikadhani ni moyo.

Kumbe anacheka! Akakaa kwa nyasi na koti lake la kanisa, machozi yanamtoka.

"Injendi aliangalia Nairobi kutoka barabarani," akasema. "Mimi nimefutwa kazi na Mzungu, na hata sikuwa nimeandikwa!"

Zablon alipona. Memsahib alikuwa na wageni hiyo jioni na hakukuwa na mwingine wa kuwapikia. Yule mtu wa bustani alikuja akayapanda maua tena. Managu Zablon aliyachuma, akala na ugali.

Mimi na Roda tulioana mwaka uliofuata.

Funzo langu ni hili: mgeni hahitaji kuona kitu ambacho kila mtu ameshamwambia. Mpeleke mahali watu wanaishi. Halafu usimwache peke yake, hata kama ni kumletea chai.

Sasa semeni nyinyi, mgeni wenu mlimpeleka wapi akarudi nyumbani na maneno mapya? Na wewe unayetaka kuitisha picha, picha hakuna. Kamera ilikuwa ndani ya nyumba, na hatukuwa watu wa kutolewa kamera.