Intakula Niliyoichomelea Mwenyewe

Nina diploma ya ufundi, na gereji hii ya Mbinga nimeijenga kwa jasho langu. Halafu Mzee Komba, mnunuzi wa kahawa, ananipayukia mbele ya wateja: “Fundi, tangu uweke hiyo intakula yako, pikapu haipandi mlima wa Liuli!”

Intakula, kipoza hewa ya turbo iingiayo kwenye injini, niliichomelea mwenyewe!

“Mzee, turbo si mkokoteni. Mguu wako mzito!”

Nikafungua bomba la intakula kwa hasira nimuumbue. Ndani mlikuwa na tambara nililozibia wakati wa kuchomelea, nikalisahau.

Mke wangu, aliyeniletea chakula, akalinyakua. “Baba Nestori! Kitenge changu cha kwaya! Nami nimemshtaki mama yako kwa jumuiya nzima kwamba kaiba!”