Tumelisubiri gari la petroli miaka, dereva wa IT katuletea likiwa na mkungu wa ndizi

Wakuu wa jukwaa la magari, shikamooni mnaostahili, na rika langu mambo vipi.

Naandika nikiwa na hasira, hilo mlijue mapema. Na atakayesema hii ni chai, aulize mtu yeyote aliyekuwepo pale yadi siku ile. Tulikuwa wengi, na wote tuliondoka na sura za msibani.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Kazi yangu ni kuvusha mizigo na magari ya watu kwenda Zambia na Kongo. Magari napishana nayo kutwa nzima, mengi ni yale ya kubebea familia na gunia la mkaa.

Ila ugonjwa wangu mimi ni gari la mbio. La petroli, gia za mkono, lenye mlio wake. Hayo ya umeme yanayopita kimya kama paka anayeiba samaki, wapeni wengine.

Wagonjwa tuko wengi. Tuna group letu la Tunduma na Vwawa: mwalimu mmoja wa sekondari, fundi rangi, na Shabani muuza vipuri, mtu wa Tanga aliyehamia huku akaoa huku.

Sasa kuna kampuni moja, siitaji, mnaoijua mnaijua. Walikuwa na gari lao la milango miwili ambalo sisi tulilipenda tangu shule. Zikaanza tetesi kwamba toleo jipya litakuwa la umeme. Mwalimu alijitoa kwenye group kwa hasira, kama vile sisi ndio tuliounda.

Baadaye picha zikavuja. Petroli. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Pedali tatu chini. Shabani, mtu wa swala tano asiye na makuu, alituma voice note sauti inatetemeka, anasema Mungu hajatusahau.

Tukaanza kusubiri. Wakuu, kusubiri gari ambalo huna uwezo wa kulinunua ni raha ya ajabu. Tuligombana kuhusu rangi za rimu kana kwamba kuna mtu atatuuliza.

Hapo ndipo anaingia ba Chanda.

Huyu ni mteja wangu wa upande wa pili, Nakonde ya Zambia, mfanyabiashara wa mahindi. Hiyo "ba" ni heshima yao Wabemba, humwiti mtu mzima jina kavu. Siku moja namsimulia habari za lile gari, akacheka, akasema ameshaagiza. Nilikaa chini.

Kumbe mzee ni mgonjwa kuliko sisi. Alikuwa na picha zake zote kwenye simu, mpaka ya kibonyezo cha kuwashia.

Akaniomba kitu kimoja tu. Alisema magari yote aliyowahi kuyamiliki maishani aliyakuta yameshakaliwa na Mjapani, unakuta siti imebonyea umbo la makalio ya mtu usiyemjua. Hili alitaka akae yeye wa kwanza. Basi. Na injini mpya aizoeze mwenyewe, taratibu, isikamuliwe ikiwa bado mbichi.

Na sisi akatuahidi kwamba likishazoea, atatuita tulisikie likilia mpaka mwisho.

Nikampa neno langu. Nikaongea na wakala mwenzangu wa Dar, nikamweleza lisiendeshwe, lije juu ya lori la kubeba magari, na nailoni za siti zisiguswe. Akaniapia. Ba Chanda akalipia lori.

Siku ya siku tukajaa kwenye yadi ya kupokelea magari. Fundi rangi alivaa shati la harusi. Tunaangalia juu, tunatafuta lori.

Mke wangu akapiga simu. Naomba mjue, mke wangu ndiyo kwanza ametoka kujifungua, na mama yake alikuwa anakuja kutoka Mbalizi kumwuguza. Akaniambia nisihangaike kumtafutia mama usafiri, kapata IT nzuri, kakaa mbele kabisa. Nikasema sawa sawa, nikakata, maana macho yangu yalikuwa barabarani.

Kwa wasiojua: IT ni gari linalotoka bandarini kwenda nchi za nje, linaendeshwa na dereva wa kukodi. Kisheria halibebi abiria. Kiuhalisia nusu ya nyanda za juu kusini inasafiri kwa IT. Ni haraka kuliko basi na halisimami ovyo. Sote tumepanda, nani hajapanda?

Ila kuna IT na IT, wakuu.

Lori halikuja. Kilichokuja ni lile gari lenyewe, kwa magurudumu yake, linajikongoja na kupita upande upande kwenye tuta la getini. Mdomo wa bampa umefungwa kwa kamba ya manila. Kioo cha nyuma huoni kitu, kimezibwa na mkungu wa ndizi na gunia la viazi.

Mwalimu alisema kwa sauti ndogo, "Sio lenyewe." Lilikuwa lenyewe.

Nilimfuata dereva nikiwa na matusi yote ya Kiswahili na ya Kinyiha nimeyapanga mdomoni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mlango wa abiria ukafunguka, ukatoka mguu wenye yeboyebo ya bluu, ukafuata kitenge, akafuata mama mkwe wangu.

Wakuu, mliooa makabila ya huku mnanielewa. Kwetu mama mkwe humshiki mkono, humwangalii usoni, huli naye meza moja. Kupaza sauti yeye akiwa anasikia ni kosa la kulipiwa kwa mifugo. Nilirudi nyuma, nikainamisha macho, nikamwamkia nikiwa naangalia rimu.

Matusi yale yote nikayameza. Mpaka leo yako humu tumboni.

Dereva akaona mimi ni mtu mpole. Akaanza kunilalamikia, jamani, yeye ananilalamikia mimi. Kwamba gari limemtesa, liko chini mno, kila tuta linakwangua. Kwamba linakunywa. Kwamba siti ya nyuma ni finyu, abiria hawaenei, kwa hiyo hakupata kitu njia nzima. Nailoni za siti alizing'oa kwa sababu zinateleza.

Wakala wa Dar alichukua hela ya lori, akampa huyu funguo. Ndivyo ilivyokuwa. Nilimpigia palepale, hakupokea, na mpaka naandika hapa hajapokea.

Ba Chanda akaja kwa miguu kutoka upande wa pili. Shati limepigwa pasi, mkononi kishikio kipya cha funguo, cha ngozi. Alikuwa anatembea huku anatabasamu, halafu akaliona.

Alilizunguka. Akainama kuangalia bampa. Akafungua mlango, na siti zake ni nyeupe rangi ya maziwa, aliiomba rangi hiyo mwenyewe. Siti ya nyuma ilikuwa imeshaingiwa na utomvu wa ndizi. Mnaujua utomvu wa ndizi. Nguo ikiupata, unaitupa au unaivalia shambani.

Akauliza kwa upole nani alikaa humu.

Dereva akaruka. Hakuna abiria, mzee, hizi ndizi zangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, ananyoosha kitenge. Yule mama hajui kudanganya na hapendi ndizi zake ziitwe za mtu mwingine.

"Ndizi ni zangu, mwanangu, nampelekea mzazi," akasema. "Mimi nimepandia Mbalizi, nikakaa hapo mbele. Nilimkuta dada mmoja na mtoto wake wakishuka, wao walitoka naye Iringa. Ni gari zuri, limetuleta salama. Mungu akubariki."

Ba Chanda akanigeukia, akaniuliza huyu ni nani. Ningeweza kukaa kimya. Nikasema ni mama mkwe wangu.

Kumbe na wao Wabemba mkwe ni mkwe. Mzee alivua kofia, akapiga magoti kidogo, akasema, "Mwaiseni, bamayo." Yaani karibu, mama. Kisha akainamia mle ndani ya gari lake, akaubeba ule mkungu mwenyewe, utomvu unamchuruzikia shati, akaupakia kwenye bajaji. Akarudi akabeba na viazi. Mama mkwe akamshukuru sana, bajaji ikaondoka.

Ndipo akakaa kwenye usukani. Sisi tumesimama kama watu wanaosubiri maiti itolewe mochwari. Akaweka mikono kwenye usukani, akaiondoa, akaiweka tena.

Akaniambia, "Na hili nalo nimelikuta limekaliwa."

Akaliwasha, akaondoka nalo polepole kuelekea mpakani, hata gia ya tatu hakuingiza. Shabani alijifuta macho akasingizia vumbi la malori.

Kesi tumeifungua, ba Chanda na mimi, wote tumetia sahihi. Yule wakala ajue hilo kama anapita humu, na najua anapita. Lakini hata bampa likibadilishwa na siti zikavishwa upya, hicho kitu kimoja mzee alichoomba hakuna hakimu wa kukirudisha. Gari amelifunika turubai nyuma ya ghala la mahindi. Hajatuita. Nami sina uso wa kumuuliza.

Nilichojifunza: neno la simu si dhamana. Chombo cha mtu kikikukosesha usingizi, kifuate bandarini mwenyewe, kione kikipanda lori kwa macho yako. Na nyie madereva wa IT, riziki tafuteni, hatuwakatazi, ila mkiona siti bado ina nailoni, jueni kuna mtu mahali anaihesabu kama mahari.

Hayo yangeisha hapo, ila kuna hili linaloniuma kuliko yote.

Mama mkwe bado yuko kwangu, analea. Juzi nimekaa sebuleni, nasikia chumbani anambembeleza mjukuu. Anamsimulia safari yake. Anasema pale kupanda mlima Senjele yule dereva alikasirishwa na basi, akakanyaga, na gari likalia, akaanza kuuigiza ule mlio. Unaanza chini kifuani, unapanda, unapanda, halafu unakatika kidogo anapobadili gia, unapanda tena. Mtoto anacheka.

Nikasogeza kiti karibu na ukuta.

Wakuu, sisi tumesubiri miaka, tumesoma kila kitu, tumegombana usiku na mchana. Katika watu wote wa Tunduma na Vwawa, anayejua hilo gari linalia vipi likikamuliwa ni bibi wa Mbalizi aliyekuwa anapeleka ndizi. Na ni mtu pekee ambaye mila inanikataza kukaa naye nikamuuliza.

Wenye busara na waliooa huku, nishaurini. Nimtume mke wangu amwombe aigize tena, au niendelee kukaa na kiti ukutani?